Kichwa cha treni kikiruka na kuzima kwenye pointi, usikimbilie rangi wala dekoda

Mdogo wangu wa Gungu, swali lako nimelisoma mara mbili na nimefurahi kweli, maana huku kwetu watu wanaoshika modeli za treni ni wachache mno na wengi wanaishia kuziweka kabatini. Kwa wengine mtakaosoma, jamaa yuko Kigoma, mjomba wake alimletea kichwa cha treni cha dizeli kutoka Ujerumani, skeli ya HO, bogi mbili (vile vigari vya magurudumu chini ya kichwa) zenye ekseli tatu tatu, used. Anasema ukikiwasha kinaruka halafu kinakimbia, kikifika kwenye pointi, pale reli inapogawanyika, kinazima mpaka akisukume kwa kidole, kinanguruma kama mashine ya kusaga, taa yake inawaka mpaka bodi yote inang'aa kama kibatari, na ukikiangalia ni plastiki tupu. Ana laki na nusu mkononi, anauliza anunue dekoda ya sauti, kile kisaketi kinachoongoza mota na kutoa mlio wa injini, au rangi, maana anataka kifanane na kile kinachoingia stesheni ya Kigoma.

Jibu langu ni kwamba hiyo laki na nusu iweke kwanza. Hapo ulipo hela ya kutumia haifiki hata robo yake, na kitu unachokitafuta hakiko kwenye rangi.

Fanya hivi, siku treni inaondoka nenda kakae pale stesheni, angalia magurudumu, rangi iache. Utasikia injini inapandisha mlio na kichwa bado kimesimama, halafu kinasogea kidogo tu, kapula (kiunganishi) ya behewa la kwanza inavutika, ya pili, ya tatu, unasikia ka-ka-ka-ka inaenda mpaka mwisho wa treni, ndo sasa msafara wote unaanza kutambaa. Mtu angekuwa anatembea pembeni angeiacha nyuma. Ule mwanzo ndo unaofanya treni ionekane nzito, na ndo modeli nyingi zinashindwa. Mimi nimeshaona modeli iliyopakwa vizuri sana, kutu yake, vumbi lake, kila kitu, ikawashwa ikaruka kama panya kafukuzwa jikoni, uzuri wote ukaisha pale pale.

Kwa hiyo tupange kazi kwa namba. HO ni moja kwa 87, yaani milimita moja ya modeli ni milimita 87 za kwenye reli ya kweli. Treni ikienda kilomita 60 kwa saa, modeli yako inatakiwa iende sentimita 19 kwa sekunde, mita moja ya reli inaimaliza kwa sekunde tano na kidogo. Ya kilomita 20 kwa saa inamaliza mita hiyo kwa sekunde kama 16. Na ile ya kutambaa, kilomita 5 kwa saa, inachukua dakika nzima na sekunde tatu hivi. Sasa pima mita moja kwenye meza, shika simu uweke stopuwochi, jaribu cha kwako kinaweza kwenda polepole kiasi gani bila kusimama. Nadhani kitamaliza kwa sekunde nne au tano na hapo ndo mwendo wake wa chini kabisa. Lengo letu ni dakika moja kwa mita, na ikifika hapo hiyo modeli hata ingekuwa na rangi ya kiwandani mtu atasimama aiangalie.

Tuanze na uchafu, maana modeli iliyokaa miaka kwenye boksi shida yake nusu ni uchafu. Fungua bodi taratibu, skrubu mara nyingi ziko chini au chini ya kapula, nyingine hazina skrubu zina ndimi za plastiki ubavuni, ingiza kadi ya simu ya zamani kila upande ubanue, usitumie bisibisi utaacha kovu. Piga picha kila hatua kabla hujatoa kitu, hasa waya upi umetoka wapi. Halafu chukua pamba za masikio na spiriti ile ya duka la dawa, futa magurudumu yote mpaka pamba itoke nyeupe. Kwa yale yanayoendeshwa na mota kuna njia rahisi, lowesha tishu kwa spiriti uilaze juu ya reli, bogi moja ikae kwenye tishu na nyingine kwenye reli iendelee kupata umeme, shikilia kichwa kisiondoke, magurudumu yatazunguka yajifute yenyewe, halafu geuza. Reli nazo futa kwa spiriti. Msasa achana nao kabisa, unaacha mikwaruzo midogo ambayo uchafu unapenda kukaa humo, mwezi ujao hali inakuwa mbaya kuliko leo. Na petroli au thina usisogeze karibu na bodi, plastiki ya hizi modeli inalainika au inapasuka, nimeshapoteza bodi moja nzuri sana hivyo na hakuna dawa.

Huo mngurumo wako nadhani ni grisi ya zamani imekauka kwenye giya. Toa yote kwa mswaki wa meno na spiriti, kila jino, kila shimo. Kisha weka grisi nyeupe nyepesi isiyokula plastiki, kidogo tu kwenye giya, na tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi mbili za mota, tone la kwenye ncha ya sindano, sio la kumimina. Mafuta ya kula hapana, yanageuka gundi. Na mafuta yasifike pale kaboni zinaposugua kwenye komyuteta, ile pete ya shaba kwenye shafti ya mota, yakifika yanachanganyika na unga wa kaboni mota inaanza kutoa cheche na kupoteza nguvu. Komyuteta ifute na pamba yenye spiriti huku unazungusha mota kwa kidole, na kaboni zikiwa zimebaki fupi sana tafuta nyingine, hizi unaweza kuchonga kutoka kaboni za mota kubwa kwa msasa laini, mafundi wa mota pale Mwanga, hapo kwenu Kigoma, wanazo zile za kutupa.

Sasa tufike kwenye pointi, hapa nitakaa maana ndo moyo wa swali lako hata kama wewe umelitaja kwa haraka. Kwenye pointi nyingi za HO pale reli mbili zinapokatizana pana kipande cha plastiki, hakipitishi umeme. Gurudumu likiwa juu yake halipati kitu. Hiyo sio shida kama magurudumu mengine yanapata, lakini modeli nyingi za zamani hazichukui umeme kwa magurudumu yote 12, unakuta bogi moja inachukua upande wa kulia tu na nyingine upande wa kushoto tu, tena kwenye kila bogi kuna gurudumu moja au mawili yenye mpira wa kuongeza mshiko, na mpira haupitishi umeme. Ukihesabu vizuri unakuta kichwa kizima kinaishi kwa magurudumu manne, mawili yakiingia kwenye plastiki na moja likiwa na uchafu, umeme umekatika.

Chukua multimita uweke kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wa mota na nyingine gusa gurudumu moja moja, andika kwenye karatasi lipi linalia na lipi halilii. Hiyo karatasi ndo ramani ya kazi yako. Yasiyolia utayawekea vilambio vipya. Kilambio ni kipande chembamba cha shaba ya springi kinachosugua mgongo wa gurudumu, mimi natoa kwenye rilei mbovu za redio na stabilaiza, ile bati ndogo inayochezacheza ndani, unaikata kwa mkasi upana wa milimita moja na nusu hivi. Bandika kipande kidogo cha bodi ya saketi chini ya bogi kwa gundi, lehemu kilambio hapo juu yake, kunja ncha iguse gurudumu kwa wepesi, halafu waya laini wa kunyumbuka kutoka hapo hadi kwenye mota. Lehemu kilambio kikiwa mbali na bogi, ukigusa chuma cha moto kwenye plastiki ya bogi sekunde mbili tu imekwisha. Na mgandamizo uwe mdogo, kikikaza sana kinageuka breki. Ukipuliza gurudumu bila giya lizunguke lenyewe, hapo ni sawa.

Ile mipira ya magurudumu kama imekauka na kupasuka nayo inafanya kichwa kirukeruke kila mzunguko. Badilisha. Na kabla hujafunga bogi pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja kwa venia, kile kipimo cha kubana, kwa HO iwe kama milimita 14.4, ikipungua sana gurudumu linapanda kwenye pointi au linagusa reli ya upande wa pili na kupiga shoti. Watu wengi wanalaumu pointi kumbe ni ekseli imebanana.

Ukimaliza hayo pima tena mita yako. Mimi kichwa cha kwanza nilichokifanyia hivi kilitoka sekunde sita kikafika arobaini bila kununua chochote zaidi ya spiriti.

Uzito sasa. Kichwa kizito kinabana reli, umeme unashika, na kinavuta. Nenda kwa mafundi wa tairi uombe vipande vya risasi vya kubalansi magurudumu ya gari, vya zamani wanavitupa. Jaza kwenye nafasi zilizo wazi ndani ya bodi, ila mizani iwe katikati ya bogi mbili, weka kichwa juu ya penseli uone kinaegemea wapi. Usizidishe. Kipimo chake ni hiki, shika kichwa kwa kapula kisiende, fungua umeme mpaka mwisho, magurudumu yanatakiwa yateleze yaendelee kuzunguka. Mota ikisimama kabla magurudumu hayajateleza, umezidisha, itaungua siku moja kwenye mlima. Risasi ni sumu, nawa mikono kwa sabuni, usiipige tupa ndani ya nyumba yenye watoto, na ivike utepe au rangi. Mabehewa nayo yana kanuni yake, chama cha wanamodeli wa Marekani NMRA kinapendekeza kwa HO gramu 28 za kuanzia na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo behewa la sentimita 15 liwe na gramu kama 111. Mabehewa mepesi ndo yanayofanya treni iende kama karatasi kwenye upepo.

Umeme wenyewe pia uangalie. Kontrola nyingi za kwenye seti za watoto zinatoka sifuri zinaruka volti nne. Kama una betri ya sola ya volti 12 jitengenezee, IC ya LM317 ya kurekebisha volti na bati la kupoza, rezista ya oumu 240, potenshometa ya kilo-oumu 2.2, swichi ya miguu sita kwa ajili ya kurudi nyuma, na fyuzi ya ampea moja, usiache fyuzi maana betri ya sola ikipiga shoti inachoma waya na nyumba. Inakupa kuanzia volti 1.25 hadi kama kumi hivi, inapanda laini kabisa. Kumi inatosha, hatukimbizi treni hapa.

Mota kama bado ni ya wazi ya zamani, pima inakula ampea ngapi kichwa kikivuta. Ikipita nusu ampea kwenye reli tambarare, baada ya usafi wote huo, basi hapo ndo laki na nusu yako ianze kufanya kazi, mota ya kopo, iliyofungwa yote ndani ya kopo la chuma, yenye poli tano na flaiwili mbili za shaba. Flaiwili ni ile gurudumu nzito kwenye shafti, inahifadhi mzunguko, umeme ukikatika kidogo kichwa kinaendelea kuserereka kwa heshima, hakisimami ghafla kama kimegonga ukuta. Mota za kwenye CD na DVD nawaona watu wanazitumia, nyingi zimetengenezwa kwa volti ndogo na zina kasi sana, mimi sizipendi kwa kazi hii.

Na dekoda ya sauti, hapa naomba unisikilize. Kwenye modeli za zamani kaboni moja ya mota mara nyingi imegusa chasi, na chasi imegusa reli. Ukifunga dekoda bila kuitenga ile kaboni, dekoda inakufa siku hiyo hiyo, hela imeenda. Pia dekoda za kawaida za HO zinabeba kama ampea moja, mota yako chafu ikikwama inaweza kupita hapo. Kwa hiyo kwanza itambae, kwanza ipime ampea, kwanza itenge, halafu ndo uongee na muuzaji.

Taa ni kazi ya jioni moja. Toa balbu weka LED ya rangi ya joto, ile ya manjano kidogo, nyeupe kali ya bluu haifai kwa kichwa cha umri ule. Rezista ya kilo-oumu moja kwa volti 12, na dayodi ya 1N4148 kwenye mstari huo huo maana LED haivumilii volti nyingi za kinyume, na hapo hapo unapata faida, ya mbele inawaka ukienda mbele na ya nyuma ukirudi. Bodi ipake nyeusi kwa ndani, tabaka mbili, huo mng'ao wa kibatari utaisha.

Sura sasa, na hapa nakiri naipenda mno. Kwanza ujue kitu kimoja, reli yako ya milimita 16.5 ukizidisha mara 87 unapata 1435, hiyo ni SGR kabisa, ile ya Dar hadi Dodoma. Reli yetu ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na kwenu Kigoma 1914 ni ya mita moja, kwenye HO ingekuwa milimita 12. Wapo wanaojenga hivyo, wanaita HOm, lakini kwako ingekuwa kubadili ekseli zote na reli zote. Wewe acha, macho yanasamehe upana wa reli kuliko yanavyosamehe mwendo mbaya. Bahati yako ni kwamba kichwa chako kina ekseli tatu kila bogi, kama zile dizeli za daraja la 88 zilizojengwa Montreal, Kanada, miaka ya 1970, ambazo wazee wengi wa Tabora na Kigoma wamekua nazo. Umbo la bodi halitakuwa lenyewe ila mkao utakuwepo.

Kwa rangi usiniulize mimi, wala usichukue picha ya mtandaoni, nenda pale stesheni, omba ruhusa kwa wahusika kabla ya kutoa simu, uangalie cha kwenu kwa macho. Angalia hasa rangi imepauka wapi. Vishikio vya plastiki kata, weka waya, bomba la kweli la milimita 35 kwenye HO ni milimita 0.4, waya wa kuvainda mota unatosha kabisa na ukipakwa unanyooka vizuri. Vioo vya dirisha weka plastiki nyembamba ya kwenye pakiti za vidonge. Kapula za ndoano za Ulaya toa, treni zetu zinaungana kwa kapula moja ya katikati, ya kampuni ya Kadee, namba 5, ndo watu wengi wa HO wanaweka na inakaa kwenye boksi za kawaida.

Halafu vumbi. Treni inayotoka Tabora inapita Urambo, Kaliua, Nguruka, inavuka Malagarasi, Uvinza, mpaka ziwani, ikifika kwenu imebeba udongo wa njia nzima kuanzia chini kwenda juu. Bogi zote kahawia, sketi ya chini nusu, juu karibu hakuna, na kwenye paa ni moshi mweusi unaoanza kwenye ekzosti na kulala kuelekea nyuma. Mkaa wa jikoni uliosagwa na kuchujwa kwa soksi nyembamba unatoa moshi mzuri kuliko rangi ya dukani, na chaki za shule za kahawia na njano zinatoa vumbi. Pakaza kwa brashi laini, kidogo kidogo, kisha vanishi isiyong'aa ukiwa mbali, sentimita 30.

Udongo wenyewe wa hapa nilishautumia, wa nyuma ya nyumba Isevya, Tabora, ulikuwa na rangi sahihi kabisa kuliko chaki yoyote. Wiki ya pili mota ikaanza kukwama, nikafungua nikakuta sumaku ya mota imejaa chembe nyeusi za chuma zilizokuwa kwenye ule mchanga. Kwa hiyo ukitaka udongo wa Gungu, na nakushauri uutake maana ndo wa kwenu, uanike, uuchuje, kisha ufunge sumaku ya spika kwenye mfuko wa nailoni upitishe ndani yake mara kumi, kumi na tano, mpaka mfuko utoke msafi. Na funga matundu ya bogi kwa utepe siku ya kupaka, magurudumu sehemu inayokanyaga reli usiiguse na rangi kabisa, la sivyo tunarudi kule kwenye pointi tulikoanzia.

Anza na ile karatasi ya magurudumu yanayolia na yasiyolia, itume pamoja na sekunde zako za mita moja, kabla na baada ya kusafisha. Nikiona hizo namba ndo nitakuambia kama mota inabaki au inaondoka.